Zamu ya Maji ya Mkunazi

Kabla ya geti, kabla ya mashine ya kusoma kadi,
kabla ya Chuo kuitwa Chuo,
hapa palikuwa na mitende ya watu wa Izki
na mkunazi mmoja mpakani.

Jina lake limo daftarini.
Nasema daftari la falaji, lile la jalada la ngozi
walimoandika zamu za maji:
Zahran bin Mudrik, robo ya usiku.
Msikiti, toka nyota ya tatu hadi ya nne.
Na chini kabisa, kwa mkono mwingine, mwandiko wa haraka:
mkunazi, muda wa mtu kutawadha.
Basi. Hakuna aliyeeleza kwa nini.
Mti ulikuwa na fungu lake, kama yatima.

Mwaka wa ujenzi mhandisi alichora barabara
na rula yake ikapita juu ya shina.
Wanafunzi wapya huambiwa tingatinga lilizimika,
mara tatu, na dereva akakimbia akisoma Ayatul Kursi.
Mimi nimeliona faili. Tingatinga halikuzimika.
Karani mmoja, Bi Ghaniya, aliambatisha nakala ya daftari
na barua ya mstari mmoja:
"Huyu ana maji hapa; mwenye maji hafukuzwi."
Barabara ikapinda. Mpaka leo basi la asubuhi
hukohoa pale, likikata kona isiyo na maana.

Kisha falaji likakauka.

Desturi zikabaki; desturi hazinywi maji.
Kabla ya mtihani wa hesabu huchomeka
vifuniko vya kalamu kwenye miiba:
bluu, bluu, bluu, chekundu kimoja cha mwenye kujiamini.
Wiki ya mahafali wasichana wa bweni huchuma majani,
huyaponda, huoshea nywele,
povu la kijani likajaa masinki, bomba likaziba,
na anayepigiwa simu ni mimi.
Ati anayekula kunazi la kwanza la msimu
atarudia mwaka. Nililila. Nilirudia.
(Ilikuwa Fizikia. Lakini nani atakusikiliza?)

Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
siku niliyomleta kuuona hakusema neno.
Alichuma moja, akatafuna, akatemea kokwa kiganjani.
"Ya kwetu yalikuwa machachu zaidi,"
akasema, kwa sauti ya mtu anayeringa.

Nani aliunywesha miaka yote hii?
Nilidhani mizizi. Nilidhani rehema.
Hadi nilipopanda juu ya paa la maabara ya tatu
kumtafuta Shofiqul, fundi wa viyoyozi,
nikauona mpira mwembamba, umefungwa kwa waya wa umeme,
unashuka ukutani, unapita chini ya matofali,
unaishia penye shina.
Tone. Tone. Jasho la mashine
linakwenda kwenye kisahani cha udongo alichokichimba kwa mikono.
"Maji bure, madam," akaniambia, akiogopa nitamshtaki.
Daftari hajaliona maishani mwake.

Bi Ghaniya alifariki mwezi wa Shaabani.
Binti zake wawili walisimama getini bila kadi:
walitaka majani ya kumwoshea mama yao,
na si ya dukani, yale ya unga, ya pakiti.
Mlinzi akafungua bila kuuliza.
Tulichuma sote wanne, kimya, miiba ikitupiga chapa,
na katikati ya fungu, mmoja wao akatoa
kifuniko cha kalamu, bluu, kilichopauka kwa jua.
Alikitazama. Akakirudisha mtini,
kwenye mwiba mwingine, juu kidogo.

Siku hizi Ijumaa, Chuo kikiwa kitupu,
kiyoyozi cha maabara ya tatu hakizimwi.
Mhasibu ameandika mara mbili kuuliza sababu.
Barua zake ninazo mezani.
Sijajibu bado.